Udongo Mweusi Chini ya Barabara ya Butimba

Mlimwona. Msiniambie leo kwamba hamkumwona. Barabara ya Butimba inapita juu pale, na ninyi wenye baiskeli mlipunguza mwendo kwenye mteremko, mkamtazama mwanamke aliyesimama ndani ya maji hadi magotini akirundika tope kwa jembe, kisha mkakanyaga pedali. Mmoja wenu alimpigia kengele. Kengele! Kana kwamba yeye ndiye aliyeziba njia. Mlikuwa mnawahi uwanjani kutazama nguzo ya bendera ikipakwa chokaa, na mwenye haraka ya furaha hana macho ya pembeni. Nawajua. Nawakumbuka tangu miaka ile chama cha kudai Uhuru kilipofungiwa mkoani kwetu, mlivyokuwa mkivuka upande wa pili wa mtaa mkimwona mtu mwenye kadi. Shingo zenu zilijifunza kugeuka zamani.

Basi leo mtasikia. Mwanamke yule anaitwa Celestina, mke wa Rwegasira, mchukuzi wa marobota ya pamba bandarini. Ni Wahaya, Wakatoliki, wapangaji wa chumba kimoja Mabatini katika nyumba ya Bi Mwaija. Na alichokuwa akikizuia kwa jembe ni ziwa.

Huko Bukoba alikotoka, Celestina hakuwahi kuutazama mgomba. Nani anautazama? Ulikuwepo kabla yake, ulimfunika kama dari, akala chini yake, akaolewa chini yake. Macho yalimfunguka Mwanza. Mabatini aliamka akakuta mawe, mabati na vumbi, na kwa sababu hapakuwa na kitu, akaanza kuona kila kitu. Aliuona mkuyu uliolikumbatia jiwe kubwa kwa mizizi kama mtu anayeogopa kuanguka. Aliwaona pelele, wale pimbi wa mawe, wakiota jua juu ya majabali, wanene, kama wazee wa baraza. Alimwona mwewe akimnyang'anya mchuuzi dagaa kwenye ungo. Siku wadudu wa ziwa walipoinuka majini wakatanda kama moshi wa nyumba inayoungua, alitoka mbio na ndoo, na wenyeji wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Mama Antoni, unakwenda kuzima nini?" Bi Mwaija alimuuliza.

"Kuna nyumba inaungua ziwani, Bi Mwaija."

"Ziwani kuna nyumba? Wallahi, nyie watu wa migombani mtaniua kwa kicheko."

Hivyo ndivyo alivyouona ule udongo. Chini ya barabara ya Butimba, nyuma ya matete, palikuwa na bonde dogo tupu la udongo mweusi, laini, unaonata kwenye kucha. Aliuchukua mkononi akaunusa. Mji mzima umejibanza juu ya mawe, na udongo kama huu umeachwa kwa vyura! Akadhani watu wa mjini ni wajinga. Kwao nyumba na migomba viko juu, maji yako bondeni; mtu huyafuata maji kwa mtungi, maji hayajawahi kumfuata mtu. Basi hakujiuliza kwa nini udongo ule hauna mwenyewe. Aliagiza miche ya migomba kwa meli ya Bukoba, ikaja imefungwa kwa majani makavu. Alipanda, akatandaza nyasi chini ya mashina kama anavyotandika kitanda. Mwaka haukuisha kibanja, lile shamba lake la migomba, kikatoa kivuli.

Mwezi wa nane Antoni, mtoto wao wa pekee, akafa kwa surua. Nauli ya kumrudisha kwao haikupatikana. Makaburi ya mjini Celestina aliyakataa.

"Huko wamelala watu wasiojuana," alisema. "Mtoto wa miaka miwili atamwomba nani maji?"

Kwa Wahaya, aliyezikwa kibanjani hajaondoka nyumbani, na kibanja chenye kaburi hakiulizwi mwenyewe. Rwegasira alijua sheria ya mji hairuhusu. Lakini alichimba alfajiri, chini ya mgomba ulionawiri kuliko yote, wakamlaza Antoni amefungwa kwa rubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo mama yake Celestina alimfungia safari. Hawakumwambia mtu. Kuanzia hapo Celestina alikwenda kule kila siku, na kila alichokiona alikwenda nacho kwa mtoto: leo ndege mdiria ametoboa ukingo, leo mnana wameanza viota, leo mkungu umeinama.

*

Mvua ya mwaka ule mnaikumbuka. Ilianza Oktoba, ikasahau kwenda zake. Wiki moja kabla ya Uhuru Celestina alikuta maji kwenye matandazo. Aliinama akayagusa. Hayakuwa ya mvua. Yalikuwa na harufu ya samaki, na yalikuwa yakipumua, yakija na kurudi.

Jioni Rwegasira alikuwa amekaa kizingitini, shati begani, akipaka mafuta alama za kamba.

"Baba Antoni, maji yamefika kwenye matandazo."

"Yatarudi."

"Konokono wamepanda juu ya mashina."

"Konokono ni konokono, mama."

"Na mnana wamehamisha viota. Wamevipeleka juu kwenye miti ya barabarani."

"Na mimi nimehamisha marobota tangu asubuhi. Mbona humsimulii mtoto habari zangu?"

Aliona uso wa mkewe akajuta. Alivuta shati, akalivaa taratibu. "Unataka nifanye nini? Nikaseme wapi? Nikisema maji yanakaribia kaburi, wataniuliza kaburi gani. Yatarudi, Celestina. Tangu lini maji yakapanda?"

Hilo la mwisho walikubaliana wote wawili. Ndilo lililowaponza. Celestina alikuwa ameona kila dalili. Hakuna hata moja iliyompita. Lakini macho aliyopewa na kijiji cha mlimani yalimwambia konokono wengi ni rutuba, na maji mashinani ni neema ya mwaka wa mvua. Alikata mashina yaliyokwisha zaa, akayalaza kama tuta mbele ya kaburi, akaongeza mawe na tope. Tuta likasimama. Akashukuru.

*

Siku moja kabla ya Uhuru, baada ya mvua ya usiku kucha, alikuta tuta limelala. Kati ya maji na Antoni palibaki mgomba mmoja tu.

Alifanya kazi hadi jua likapanda. Hapo ndipo mlipompita. Kisha aliosha miguu, akajifunga kanga ya kanisani, akaenda katika ofisi moja ya mjini, sitaitaja, msije mkasema natafuta visa. Kwenye dirisha alikaa karani Longino, kijana wa kijiji kilekile alikotoka Celestina, aliyewahi kulishwa na mama yake Celestina. Celestina alifurahi alipomwona. Akamwamkia kwa Kihaya.

"Sema Kiswahili, mama," Longino alisema bila kuinua kichwa. "Hapa ni ofisini."

Kiswahili cha Celestina kilikuwa cha sokoni, hakikuzoea jambo la namna hii. "Nataka ruhusa. Nataka kumhamisha mtu."

"Mtu gani? Mpangaji?"

"Marehemu."

Nyuma yake watu wakacheka. Tarishi aliyekuwa akifunga vibendera kwenye kamba alisema, "Kumbe na marehemu nao wanahamia nyumba mpya! Uhuru huu mtamu."

"Marehemu amezikwa makaburi gani?" Longino aliuliza. Celestina alitazama tope kwenye kucha zake. Longino akainua kichwa, akamtazama, na akaelewa yote. Wahaya hawahitaji kuelezana jambo hilo. Alisogeza uso karibu na waya wa dirisha, na kwa sauti ya chini, kwa Kihaya safi cha kwao, akasema, "Ondoka, dada yangu. Ondoka kabla sijalazimika kusikia ulichosema. Watamfunga mumeo, na mimi wataniuliza tunajuanaje."

Kisha kwa sauti ya dirishani: "Ofisi inafungwa mama, mpaka sherehe ziishe! Njoo baada ya sherehe!"

"Ziwa halifungwi," Celestina alisema.

"Liambie lisubiri," tarishi akadakia. "Sisi tumesubiri Uhuru miaka mingapi?"

Wakacheka tena. Wengine kati yenu mlikuwemo katika kicheko kile. Msitazame chini.

*

Bi Mwaija alikuwa uwani anachambua mchele wa pilau ya kesho. Alimwona mpangaji wake akiingia na kanga iliyolowa tope hadi kiunoni.

"Ndizi zako zimezama? Pole. Lakini mama, nyie Wahaya mnautukuza mgomba! Zikizama si zinapandwa nyingine?"

"Shikamoo, Bi Mwaija."

"Marahaba. Kaa basi."

"Antoni yuko kule."

Mkono wa Bi Mwaija ulisimama juu ya ungo. "Antoni yuko makaburini."

"Yuko kule. Chini ya mgomba."

Kuku alikuja akadonoa mchele kwenye ungo, na Bi Mwaija, aliyemtupia kuku yule kiatu kila siku ya Mungu, alimwacha ale.

"Pale pana mwenyewe, mwanangu," alisema mwishowe. "Pale ni pa ziwa. Mimi nikiwa msichana, vita ya Mjerumani, maji yalikuwa yanafika karibu na barabara. Baadaye yakaondoka. Lakini ziwa huwa halisahau mahali lilipolala. Mbona hukuniuliza?"

"Ulijua ninalima pale, Bi Mwaija. Ulikula ndizi zake."

"Nilijua unalima ndizi! Nikasema, mwache, siku ikija atavuna hasara atajifunza, tutacheka naye..." Aliusukuma ungo, akatafuta viatu, akakosa kimoja, akatoka hivyo hivyo, Celestina akikimbia kurudi kibanjani.

Aliwakuta wachukuzi njiani, msururu, kila mtu na benchi kichwani wakielekea uwanjani. Nyapara wao, Mihayo, alikuwa mbele na filimbi.

"Rwegasira! Tua hilo benchi!"

"Shikamoo, Bi Mwaija. Vipi tena..."

"Nimesema tua. Mkeo anapigana na ziwa peke yake, na wewe unawabebea watu matako yao!"

Wachukuzi wakaangua kicheko. Mihayo alipuliza filimbi. "Mama, hii ni kazi ya taifa. Atakayetua benchi leo, kesho asije bandarini. Na keshokutwa asije."

Rwegasira alisimama na benchi kichwani. Jasho lilimtiririka machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Tangu mtoto afe hakuwa amelitamka jina lake mbele za watu, na sasa watu walikuwa wote pale.

"Kuna nini kule, kaka?" aliuliza Shimba, Msukuma aliyebeba naye marobota siku zote.

"Mtoto wangu," Rwegasira alisema. "Nilimzika kule. Mimi mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Shimba alitua benchi lake kwanza, taratibu, kama anatua kitu chenye roho.

"Sasa kama ni kweli," alisema, "benchi ni mbao tu."

Rwegasira naye akatua lake, wakaondoka wachukuzi wawili nyuma ya Bi Mwaija. Mihayo aliipuliza filimbi yake mpaka ikakosa sauti. Wengine waliendelea na mabenchi.

*

Walipofika, mgomba wa mwisho ulikuwa umesimama majini. Celestina alikuwa ameshikilia shina lake kwa mikono miwili, maji yakimfika mapajani.

"Yuko hapa," alisema. "Nimesimama kichwani pake ili nisipapoteze."

Rwegasira alianza kwa jembe. Kila alichotoa kilirudi. Udongo ule mweusi uliokuwa laini kwenye kucha sasa ulikuwa uji. Shimo lilijifumba kabla jembe halijainuka. Alitupa jembe, akashika kwa mikono. Shimba alivua shati, akaingia upande wa pili, akawa anapapasa chini ya maji uso ukiwa umeelekea juu. Bi Mwaija, mguu mmoja peku, alipokea tope kwa sufuria na kulimwaga, akipokea na kumwaga, midomo ikienda kwa dua ya dini yake juu ya mtoto asiye wa dini yake.

"Nimeshika kitu," Shimba alisema.

Wote wakasimama. Alikivuta. Ulikuwa mzizi.

Wakarudia. Kuta za kaburi zilianguka ndani, upande mmoja kisha mwingine, na mgomba ukaanza kuinama kwa sababu walikuwa wameukata mizizi. Rwegasira alizama hadi kidevuni, akaibuka na kipande cha nguo ya gome mkononi, kidogo, kimeoza pembe. Alikitazama. Akapiga kelele ambayo si ya lugha yoyote, akajirusha tena, akawa anakanyaga huku na huku, anatafuta kwa miguu.

"Acheni!" Celestina alisema.

Hawakusikia.

"Acheni! Tokeni! Mnamkanyaga!"

Hapo wakasikia. Rwegasira alisimama mguu mmoja ukiwa juu, hajui autue wapi. Kila mahali ambapo angeutua pangeweza kuwa ni mtoto. Shimba alimshika kwapani, akamvuta hadi ukingoni kama mzigo. Mgomba ulilala juu ya maji polepole, majani yakitangulia, na viwimbi vidogo vikaenda mpaka kwenye matete vikarudi.

Celestina ndiye aliyetoka mwisho. Alitembea kwa kuburuta nyayo, hakuinua hata mara moja.

Kutoka uwanjani ngoma za majaribio zilikuwa zimeanza. Ndege waliokuwa kwenye matete waliruka wote kwa pamoja, wakazunguka, wakatua palepale. Yeye aliwatazama. Hakuwa tena na wa kumpelekea habari zao.

*

Hiyo ilikuwa Desemba. Sasa ni Machi, na mahali alipolala Antoni hata Shimba, kwa urefu wake, hagusi chini. Mihayo alitimiza neno lake: Rwegasira na Shimba hawakuandikwa tena bandarini. Wanapasua kokoto kwenye majabali ya Mabatini, na Bi Mwaija hajadai kodi, wala hajazungumzia jambo la kodi.

Mzungu mmoja aliondoka kwenye kilima chao hapa mjini, na nyumba yake akapewa Longino. Nyumba ina bustani: majani yaliyokatwa kama nywele za askari, maua yasiyoliwa, ardhi kavu iliyoinuka ambayo ziwa halitaifikia hata enzi za mjukuu wa mjukuu wangu. Celestina alikwenda akasimama kwenye seng'enge. Hakwenda kuomba kitu. Alitaka kuuona udongo wa juu unafananaje. Longino alikuwa barazani anakunywa chai. Alimwona, akanyanyua gazeti. Baadaye mtumishi alitumwa na viazi viwili kwenye karatasi.

"Bwana anasema chukua, mama, na usisimame hapa."

"Mwambie bwana," Celestina alisema, "huo udongo wake una njaa ya migomba." Viazi aliviacha juu ya nguzo.

Mnasema ilikuwa bahati mbaya, mvua ya Mungu. Mvua ni ya Mungu. Seng'enge ni ya nani? Nani aligawa mji huu ili wachache wakae juu na maua, na mchukuzi amzike mwanawe wa pekee kwenye kitanda cha ziwa, kwa kujificha, kama mwizi? Bendera ilibadilishwa. Mpaka wa bustani haukubadilishwa hata inchi.

Ziwa bado linapanda, na masika ndiyo kwanza inaanza. Hivi unavyosoma, Celestina yuko chini ya barabara, mbele kidogo, njia ya kwenda Nyegezi, kwa mjane wa Kisukuma anayeitwa Mhoja. Mhoja alimzika mumewe nyuma ya nyumba yake, kwa sababu naye hakuwa na pengine. Jana Celestina alikuta konokono wamepanda kwenye ukuta. Safari hii hakungoja. Wameshaanza kuchimba, wanawake wawili na Bi Mwaija na majembe mawili. Kaburi bado ni kavu. Udongo wake unamomonyoka mkononi kama unga. Mfupa hata mmoja haujapotea. Kinachokosekana ni mikono, na mahali pa kumpeleka.

Usiniulize ofisi gani inahusika. Usingoje mkutano wa tawi la chama. Wewe mwenye mikono, chukua jembe. Wewe mwenye kiwanja kule juu, shika koleo, kata waya wako mwenyewe, uwaonyeshe pa kuchimba. Mvua ya leo haijaanza. Inuka, nenda.